Shukrani za Maganga na Namna ya Kuzisoma

Ijumaa moja ya Mfunguo Tano, mwaka jana. Baada ya swala tulimzika Maganga. Gazeti lilipoteza safu yake ya Jumapili, Mama Tatu alipoteza mume, na mimi nikapoteza mtani wangu. Naanza na hilo kwa sababu sijui kuanza na kingine.

Ninyi vijana mnaoanza kazi gazetini mmeniomba, kupitia kwa mhariri wenu Neema, niwaeleze tulivyokuwa tukizisoma safu za kejeli kabla hazijatoka. Mimi si mwandishi. Nilimaliza darasa la saba nikaingia kazini kusoma prufu, yaani kusoma ukurasa na kutafuta makosa kabla haujaenda mtamboni, na nimestaafu nikiwa nafanya kazi hiyo hiyo. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Gerezani, juu ya duka la spea, na mpaka leo nikisikia mtu anagonga chuma nahisi nimechelewa kazini. Nitaeleza ninavyokumbuka. Mpangilio msiutegemee.

Safu ya Maganga iliitwa Nashukuru. Kila Jumapili alimshukuru mtu, au kitu. Alivishukuru vipaza sauti vya wauza nguo wa Kariakoo kwa kumfundisha mjukuu wake hesabu, ingawa mtoto alitoka na namba moja tu, elfu mbili, elfu mbili, elfu mbili. Alimshukuru mwenye kivuko cha mbao juu ya mtaro kwa kutuwekea ubao mwembamba, maana wanene nao wanahitaji sababu ya kufunga. Ukiisoma juu juu, ni mtu mpole mwenye adabu. Ukiisoma vizuri, ni mtu mpole mwenye adabu ambaye amechoka.

Wengi wanadhani kejeli ni kusema kinyume cha unachofikiri. Nami nilidhani hivyo. Maganga alinikatalia. Alisema ukisema kinyume tu, mtoto mdogo pia anaweza. Kazi iko kwenye kipimo. "Angalia shukrani ni kubwa kiasi gani," alikuwa akiniambia, "halafu angalia jambo lenyewe ni dogo kiasi gani. Kati yao pana nafasi. Msomaji anasimama hapo." Kwa hiyo nikipata safu yake nilikuwa nafanya hivyo kwanza. Natafuta sifa. Natafuta kilichosifiwa. Kama sifa ni ya kumtosha mfalme na kilichosifiwa ni ubao wa kuvukia mtaro, najua niko wapi.

Kisha tulikuwa na zoezi letu la kusoma kwa sauti. Mimi nasoma, yeye anasikiliza huku ameangalia dirishani. Mara ya kwanza nasoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Mara ya pili nasoma kama shangazi aliyesahauliwa kwenye pilau. Safu iliyoiva inakubali sauti zote mbili. Ikikubali ya shangazi peke yake, basi ni malalamiko tu yamevaa kanzu. Ikikubali ya mtangazaji peke yake, ni tangazo, na matangazo yana ukurasa wake.

"Rudia," alikuwa akisema. "Hapo umecheka kabla ya msomaji."

Hilo ndilo kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote, kucheka kabla ya msomaji. Tulikuwa na mpanga kurasa mmoja, Chande, kijana mzuri sana, ambaye aliona huruma kwa wasomaji. Jumapili moja akajaza alama za mshangao kila mwisho wa sentensi ili watu wajue ni utani. Maganga alifungua gazeti Jumatatu akaisoma safu yote. Kisha akamwita.

"Chande, mwanangu, wewe umewahi kumtekenya mtu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ulipomtekenya ulimwambia, sasa nakutekenya?"

"Hapana, mzee."

"Sasa mbona mimi umenishikia kipaza sauti?"

Chande alicheka mpaka akaketi sakafuni, na tangu siku hiyo alama za mshangao zilikuwa adimu ofisini kwetu, hata kwenye habari za mpira. Leo nyinyi mna vile vichwa vya njano vinavyotoa machozi ya kucheka. Sivikatai. Mjukuu wangu ananitumia na mimi namjibu kwa kimoja hicho hicho, kwa sababu ndicho pekee ninachojua kukipata. Lakini kwenye safu, viacheni.

Kuna siku alishukuru giza. Umeme ulikuwa unakatika kila jioni, naye akaandika kwamba sasa familia yake imefahamiana, amegundua ana watoto wangapi, na mkewe ana sauti nzuri. Wiki iliyofuata msomaji mmoja wa Ilala akatuandikia kukubaliana naye kwa moyo wote. Alisema hata kwake wameanza kupigiana hadithi, na amemshukuru Mungu kwa giza hilo. Ofisi nzima tukamcheka yule mtu. Maganga hakucheka.

"Huyo mmemcheka kwa lipi?" akauliza. "Amesoma, amefurahi, amepiga hadithi na wanawe. Safu yangu haikumdhuru. Ingemdhuru, ningeitupa."

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Alitaka safu yake imwache salama hata asiyeielewa. Na alitaka ampige anayeweza kujibu. Niliwahi kumkuta anachana karatasi yake mwenyewe vipande vidogo. Alikuwa amewaandika wapiga debe wa mnadani, na ilichekesha, nilisoma mistari ya juu. Nikamuuliza kwa nini anachana. Akasema, "Hawa watanijibia wapi? Wana safu?" Akaanza upya, tukachelewesha mtambo, tukagombezwa wote.

Sasa niwaambie kuhusu mama mmoja mfagiaji, maana hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho kilikuja kunisaidia.

Barabara ya mbele ya ofisi ilikuwa inafagiwa na mama huyo kila alfajiri. Siku moja Maganga aliteleza kwenye tope akaanguka, na yule mama akaacha fagio, akamwinua, akamfuta kanzu kwa khanga yake mwenyewe, akamsindikiza hadi ngazini. Jumapili Maganga akamshukuru kwenye safu. Kwa dhati kabisa. Alimsifu kwa fagio lake, kwa mikono yake, kwa mji mzima unaoamka ukiwa safi.

Jumatatu yule mama akapanda ngazi zetu na gazeti mkononi, analia.

"Maganga ni nani humu?"

"Ni mimi, mama. Karibu."

"Nimekukosea nini, baba yangu? Nimekuokota kwenye tope, halafu unanianika gazetini nchi nzima inicheke?"

Maganga akasimama. Akamwambia hakumkejeli, amemshukuru kweli. Yule mama akamtazama kwa uchungu zaidi. "Hata sasa unaendelea!"

Kila Jumapili Maganga ameshukuru kwa uongo, na sasa shukrani ya kweli haina pa kukaa. Ikabidi sisi wote ofisini tumwapie yule mama, Chande mpaka kwa jina la mama yake mzazi, ndipo akakubali kukaa na kunywa maji.

Alipoondoka, tuliichukua ile safu tukaisoma upya kwa sauti, mimi na yeye. Tuliisoma mara nyingi. Sentensi zote zilikuwa sawa na zile za ubao wa mtaroni. Sifa, sifa, sifa. Mwisho Maganga akasema, "Nimeona. Sikusema mimi nilikuwa na hali gani." Hakuwa ameandika kwamba alianguka. Aliona haya, mtu mzima kuanguka kwenye tope. Alimsifu yule mama kutoka juu, kama anavyowasifu wakubwa, akajificha yeye mwenyewe.

Tangu hapo tuliwekeana kanuni, na nawapeni nyinyi. Ukitaka kujua kama shukrani ni ya kejeli au ya kweli, mtafute mwandishi. Kwenye kejeli amesimama wima, hana shida yoyote. Kwenye shukrani ya kweli kuna mahali ameanguka, na anakuonyesha pale alipoangukia. Jumapili iliyofuata Maganga aliandika kuhusu tope, na kanzu, na namna alivyoshindwa kuinuka peke yake. Mama mfagiaji akapanda ngazi tena. Safari hii alileta mihogo.

Narudi kwenye msiba.

Maganga alikuwa Mnyamwezi, mimi ni Mzaramo. Mnajua Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zao wakishuka kutoka Tabora na mizigo vichwani, wakipita kwetu kuja pwani. Lakini wengi wenu mnaujua utani wa kuchekeshana harusini na kwenye simu. Utani wa msibani naona unapungua mjini. Kazi ya mtani msibani ni kuwazuia wafiwa wasizame. Anamsema marehemu, anadai vitu vyake, anazuia jeneza. Watu wanalia na kucheka kwa pamoja, na hivyo ndivyo wanavyofika makaburini.

Basi siku ile, nyumbani kwake Mtaa wa Sikukuu, jeneza lilipoletwa mlangoni nikasimama katikati ya mlango, nikanyoosha mikono.

"Hatoki! Huyu Mnyamwezi hatoki mpaka mnipe kofia yake. Kichwa chenyewe kilikuwa kikubwa, ile kofia nitafugia kuku!"

Wazee wakacheka. Mmoja akaniambia, "Mzaramo, pisha, hata kuku wako watakataa." Nami nilikuwa nalia huku nasema, sioni hata mlango.

Ndipo Tatu, binti wa Maganga, akatokea kwa ndani. Tatu anauza simu Mtaa wa Aggrey, kazaliwa Kariakoo na kukulia Kariakoo. Alikuwa macho mekundu.

"Mzee, heshima basi! Baba yangu huyo amelala hapo. Wewe si ndiyo rafiki yake?"

Shangazi yake akajaribu kumweleza, "Huyo ni mtani, mwanangu, acha." Tatu hakutaka kusikia. Nikapisha. Jeneza likapita. Nilishika sehemu yangu ya kubeba hadi makaburini, na niliporudi sikuingia ndani.

Ilinikaa vibaya. Sikuwa na kosa, na yeye hakuwa na kosa. Alisikia maneno yale yale waliyoyasikia wazee, akasikia kitu kingine. Mama yake angeweza kumweleza, ila Mama Tatu alikuwa ameshaingia eda, yuko ndani, haonani na wanaume wa nje mpaka miezi yake iishe. Kila kitu nilichotaka kumwambia yule mjane, hata pole, kilikuwa lazima kipite kwa Tatu. Na Tatu mlango kwangu alikuwa ameufunga.

Katikati ya hayo Neema akanipigia simu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Habari za huko?"

"Si nzuri sana. Mzee, ile nafasi ya Mzee Maganga ya Jumapili iko wazi. Tumeandika tanzia, tumeisoma, imekuwa kama za watu wote. Pengo lisilozibika, mara mhimili umeanguka. Nikasema huyu mzee atatufufukia. Tuandikie wewe. Kwa mtindo wake."

"Neema, mimi nasoma, siandiki."

"Basi andika kama unavyosoma."

Nilikata simu nikakaa. Ningeandika tanzia ya kawaida, Tatu asingekasirika, na Maganga asingeitambua kama ni yake. Ningeandika utani, gazeti zima lingekuwa mimi tena nimesimama mlangoni, ila sasa bila machozi yangu kuonekana. Karatasi haina uso. Mtu anayekutania mbele yako unamwona midomo inavyotetemeka. Kwenye gazeti unaona herufi tu. Kama Tatu angeisoma vibaya, nyumba ile ningekuwa nimeipoteza kabisa, na Mama Tatu angebaki ndani akidhani mtani wa mumewe amemtukana mara mbili.

Nilikubali kwa sababu ya yule mama mfagiaji. Nilijua sasa kitu gani kinakosekana. Pale mlangoni watu waliniona nimeanguka. Kwenye karatasi ilibidi niandike nilipoangukia.

Niliandika hivi, sehemu yake:

"Nashukuru. Namshukuru Maganga kwa kufa, kwa sababu alikuwa ameniahidi kuacha kunikosoa na huu ndio mwaka wa kwanza ametimiza. Nawashukuru Wanyamwezi wote. Babu zao walibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi pwani, wakapita kwetu Uzaramo bila kupumzika. Ijumaa ilikuwa zamu yetu kubeba. Tulikuwa Wazaramo wengi na tulipokezana, na mizigo yote ile ya zamani sidhani kama ilikuwa na mmoja mzito kama huyu. Nadhani walipotuona babu zake walikaa chini wakacheka."

Na mwisho niliandika:

"Nilikuwa namsomea kwa sauti kila wiki. Jumapili iliyopita nilifungua gazeti nikasoma peke yangu, nikasoma vibaya, na hakuna aliyeniambia. Nilingoja. Mke wangu akaniuliza nangoja nini, nikashindwa kumjibu."

Nilimsomea Neema kwa simu, kwa sauti ya mtangazaji, kisha kwa sauti ya shangazi. Ile ya pili sikuimaliza. Neema akasema, "Inatosha, mzee. Inaenda hivyo hivyo."

Jumapili alasiri nilivaa kanzu nikaenda Mtaa wa Sikukuu na gazeti. Sikutaka lifike kwa mkono wa mtu mwingine. Tatu alikuwa barazani, mbele ya mlango, anapepeta mchele. Akaniamkia kwa sababu kalelewa vizuri.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anaendeleaje?"

"Yupo."

"Nimeandika kwenye nafasi ya baba yako. Nimeleta. Uisome wewe kwanza, halafu kama unaona haifai, sitauliza tena."

Akanitazama, akafuta mikono, akachukua gazeti. Kabla hajaanza, sauti ikatoka ndani, nyuma ya pazia. "Nani huyo? Gazeti la Jumapili hilo? Nisomee." Mama Tatu ana mtoto wa jicho. Maisha yao yote Maganga ndiye aliyekuwa anamsomea.

Kwa hiyo Tatu hakupata nafasi ya kuisoma kwanza. Alisoma kwa sauti, amesimama mlangoni, kichwa kimegeukia ndani. Alisoma kama taarifa ya ajali. "Namshukuru Maganga kwa kufa." Akasimama. Akanigeukia. Niliangalia mchele.

"Endelea," mama yake akasema.

Akaendelea. Alipofika kwa babu zake na mizigo, sauti yake ilikuwa imekaza, na mimi nilikuwa najiandaa kuinuka niondoke.

"Hapo rudia," Mama Tatu akasema kutoka ndani. "Unasoma kwa haraka. Soma kama mtu aliyechoka kubeba. Pole pole. Ndivyo baba yako angesoma."

Tatu akarudia. Tulikuwa Wazaramo wengi na tulipokezana. Alisoma pole pole, na alipofika kwenye mzito kama huyu, nyuma ya pazia Mama Tatu akacheka. Kicheko kifupi, kimechanganyika na kikohozi, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Tatu akasimama na gazeti mkononi. Sidhani kama alikuwa amesikia sauti hiyo tangu msiba. Akasoma mstari ule mara ya tatu bila kuambiwa, ili mama yake acheke tena. Akacheka tena.

Sehemu ya mwisho aliisoma kwa sauti ndogo. Hakuna aliyemwambia arudie. Alipomaliza akalikunja gazeti, akaingia nalo ndani. Nilisikia wananong'ona, kisha vyombo, kisha wananong'ona tena. Nilikaa barazani. Mtaani muuza mabegi alikuwa anatangaza bei, na mimi sikujua kama nimekaribishwa au nimesahauliwa.

Tatu akatoka na kikombe cha chai, ameshika kwa mikono miwili. Uso ulikuwa umelowa, lakini mdomo alikuwa anauzuia.

"Mama anasema, Mzaramo asiyejua kubeba hastahili kutiliwa sukari. Sukari tumewawekea wageni wa maana."

"Mwambie mama yako nimesikia."

"Na mimi naongeza," akasema. Akafikiria kidogo, maana ilikuwa mara yake ya kwanza. "Ile kofia ya baba hupati. Kichwa chako kidogo, itakuzamisha mpaka mabegani."

Akabaki amesimama kuona nitakunywa.

Nikanywa. Ilikuwa imejaa sukari.